Kipimo Kipi cha Moyo Kinamfaa Mkimbiaji wa Mbio Ndefu? Ulinganisho wa Njia Tano

Mtu anayeweza kukimbia kilomita 20 Jumapili asubuhi na kuamkia kazini Jumatatu bila uchovu ana sababu ya kuamini kwamba moyo wake ni mzima, na kwa walio wengi imani hiyo ni ya kweli. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia kudhibiti sukari na lehemu, na hurefusha maisha. Hata hivyo, pumzi nyingi na miguu imara huonyesha tu jinsi moyo unavyosukuma damu leo. Havisemi lolote kuhusu ukuta wa mshipa unaojaa mafuta taratibu, wala kuhusu hitilafu ya umeme wa moyo ambayo mtu alizaliwa nayo. James Fixx, Mmarekani aliyechangia sana kuwashawishi watu wa kawaida wa nchi yake waingie barabarani kukimbia katika miaka ya 1970, alifariki akiwa mbioni huko Vermont mwezi Julai 1984, akiwa na umri wa miaka 52. Uchunguzi wa maiti ulikuta mishipa mitatu inayolisha moyo wake imeziba kwa kiwango kikubwa, mmoja wao kwa asilimia 95. Baba yake alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35 na akafariki akiwa na miaka 43, na Fixx mwenyewe alikuwa mvutaji sigara mwenye uzito mkubwa kabla ya kuanza kukimbia. Yeyote aliyeuliza kuhusu ukoo wake na maisha yake ya awali angeona hatari hiyo, ingawa kasi yake barabarani haikuonyesha kitu.

Hatari yenyewe inapaswa kutazamwa kwa ukubwa wake halisi, kwa sababu hofu iliyopita kiasi humrudisha mtu kwenye kiti, na kiti kinaua wengi zaidi kuliko barabara. Nchini Marekani, watafiti waliofuatilia washiriki takriban milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010 walihesabu watu 59 ambao mioyo yao ilisimama ghafla wakati wa mbio au muda mfupi baadaye. Kati yao 42 walifariki. Ni chini ya mtu mmoja kwa kila washiriki 100,000. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika marathoni kuliko katika nusu marathoni, na kubwa zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake.

Swali linalowasumbua wakimbiaji wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Arusha ni la kiutendaji zaidi. Hospitali zinatangaza vifurushi vya uchunguzi wa moyo, kocha anasisitiza ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, rafiki aliyerudi kutoka ng'ambo anasifu picha ya CT, yaani picha ya mionzi ya mishipa ya moyo, na fedha za kufanya vyote hazipo. Ulinganisho huu unazitazama njia tano ambazo mkimbiaji asiye na dalili huweza kuelekezwa kwazo, ili ajue kila moja inatafuta nini kabla ya kutoa fedha yake.

Umri kwanza, kipimo baadaye

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba ugonjwa wa moyo uliojificha si ugonjwa mmoja. Kwa wakimbiaji walio chini ya umri wa miaka 35 hivi, visababishi vikuu ni vya kurithi au vya kuzaliwa navyo: msuli wa moyo ulionenepa isivyo kawaida, msuli wa upande wa kulia unaogeuka kuwa mafuta na makovu, hitilafu za nyaya za umeme wa moyo, au mshipa unaolisha moyo uliochipuka mahali pasipo pake. Marc-Vivien Foé, mchezaji kiungo wa timu ya soka ya Cameroon aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, alikuwa na ugonjwa wa msuli ulionenepa. Kwa vijana wa Afrika Mashariki tunapaswa kuongeza jambo ambalo miongozo ya Ulaya huligusia kwa mbali: vali zilizoharibiwa na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yaani ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ambao bado ni mzigo mkubwa katika ukanda wetu. Kuna pia uvimbe wa msuli wa moyo unaofuata homa za virusi, ambao unaweza kumpata mtu aliyekuwa mzima kabisa wiki chache kabla.

Baada ya umri wa miaka 35 mizani inageuka. Kisababishi kikuu kinakuwa mafuta na kalsiamu vinavyojikusanya ndani ya mishipa inayolisha moyo. Kwa hiyo kipimo kinachomfaa binti wa miaka 19 anayejifua Iten kinaweza kumwacha gizani mhasibu wa miaka 51 anayejiandaa kwa marathoni ya Moshi, na kinyume chake pia ni kweli.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia itapimwa kwa maswali yaleyale matano. Inaona nini? Inakosa nini? Inachanganywa vipi na moyo wa mwanariadha, yaani yale mabadiliko salama ambayo mazoezi ya miaka mingi huyaleta? Inapatikana wapi, na kwa gharama ya namna gani? Na mwisho, inamfaa nani? Swali la tatu ndilo linaloutofautisha ulinganisho huu na ule wa mgonjwa wa kawaida. Moyo wa mkimbiaji wa mbio ndefu hupanuka vyumba vyake, kuta zake hunenepa kidogo, na mapigo yake ya mapumziko yanaweza kushuka hadi 45 au hata chini ya 40 kwa dakika. Daktari asiyezoea wanariadha anaweza kuuona moyo huo kuwa ni mgonjwa, au, jambo lililo baya zaidi, akauona ugonjwa wa kweli na kuuita moyo wa mwanariadha.

1. Maswali ya historia na uchunguzi wa mwili

Kinachoonekana. Mazungumzo ya dakika 20 na daktari makini hugusa magonjwa yote, ya vijana na ya wazee, ingawa hayathibitishi hata moja. Chama cha Moyo cha Marekani kina orodha ya mambo 14 ya kuuliza na kupima: maumivu au kubanwa kifua wakati wa mazoezi, kuzimia kusikoelezeka, kuishiwa pumzi kupita kiasi cha kazi iliyofanywa, moyo kwenda mbio au kurukaruka, ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, na mengineyo. Kisha daktari hupima shinikizo la damu, hulinganisha mapigo ya mkononi na ya kinenani, na husikiliza sauti za vali kwa stetoskopu, mgonjwa akiwa amelala na akiwa amesimama.

Kisichoonekana. Wengi wenye ugonjwa uliojificha hawana dalili wala ndugu aliyejulikana kuufa nao. Katika familia zetu tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu vifo vya ghafla mara nyingi hubaki bila uchunguzi wa maiti. Mjomba aliyezama mtoni ilhali alijua kuogelea, au shangazi aliyekutwa amefariki usingizini, huelezwa kwa namna nyingine na habari zao hazifiki kwa daktari. Ningemsihi kila mkimbiaji, kabla ya kwenda kliniki, awaulize wazee wa pande zote mbili: nani alikufa ghafla, akiwa na umri gani, akiwa anafanya nini? Jibu moja la bibi linaweza kubadilisha uamuzi wote unaofuata.

Kwa moyo wa mwanariadha. Hapa hakuna mkanganyiko mkubwa. Mapigo ya polepole ni ya kawaida. Kuzimia katikati ya mbio, kwa upande mwingine, kusichukuliwe kamwe kuwa ni uchovu. Kizunguzungu cha baada ya kumaliza, mtu anaposimama ghafla na damu kubaki miguuni, huwa na maelezo mepesi zaidi, lakini kuanguka mguu ukiwa bado mbioni ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Gharama na mahali. Inapatikana hata katika kituo cha afya cha kata, kwa ada ya kumwona daktari tu.

Anayefaa. Kila mtu, bila kuangalia umri. Njia nyingine nne zinajengwa juu ya hii, na ninasikitika kuona vifurushi vinavyomruka daktari na kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye mashine.

2. Kipimo cha umeme wa moyo, ECG

Kinachoonekana. Vibandiko kumi vyenye waya huwekwa kifuani, mikononi na miguuni, na kwa dakika chache mashine huchora safari ya umeme kutoka pande 12. Hitilafu za nyaya huonekana vizuri: njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, au moyo unaochelewa kujirudisha katika hali yake baada ya kila pigo. Magonjwa ya msuli nayo huacha alama katika michoro ya wagonjwa walio wengi. Italia ililazimisha kipimo hiki kwa wanamichezo wa mashindano kwa sheria ya mwaka 1982, na katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla miongoni mwao vilishuka kwa asilimia 89 kati ya mwaka 1979 na 2004. Israel nayo ililazimisha uchunguzi mwaka 1997, lakini watafiti wa huko hawakuona upungufu wa namna hiyo, na ndiyo maana mjadala wa kulazimisha au kutolazimisha haujaisha hadi leo.

Kisichoonekana. ECG ya mapumziko ni dhaifu mno mbele ya mishipa iliyoanza kuziba. Mtu mwenye mshipa uliojaa mafuta kwa nusu ya upana wake anaweza kuwa na mchoro safi kabisa. Mshipa uliochipuka vibaya nao hupita bila kuonekana, na vali iliyoharibika kiasi inaweza isiache alama yoyote.

Kwa moyo wa mwanariadha. Hapa ndipo wasomaji wetu wanahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Vigezo vya kimataifa vilivyokubaliwa mwaka 2017 vinasema wazi kwamba kwa wanariadha weusi, kugeuka kwa wimbi la T, yaani wimbi la mwisho la kila pigo kwenye mchoro, katika vibandiko vya kifuani vya V1 hadi V4, kukitanguliwa na mstari ulioinuka kwa umbo la kuba, ni hali ya kawaida inayoletwa na mazoezi. Kugeuka huko kukiwa katika vibandiko vya upande wa kushoto, V5 na V6, si kawaida kwa mtu wa rangi yoyote na kunahitaji kufuatiliwa. Msomaji wa mchoro asiyejua tofauti hii atamtisha kijana mzima au atamruhusu mgonjwa aendelee. Tafsiri iliyochapwa na mashine yenyewe juu ya karatasi haitoshi, kwa kuwa mashine nyingi hazikuandaliwa kwa ajili ya wanariadha. Mwambie daktari, kabla hajausoma mchoro, kwamba unakimbia, kwa miaka mingapi, na kilomita ngapi kwa wiki.

Gharama na mahali. Ni nafuu, na hospitali nyingi za wilaya na za rufaa zinayo. Kilicho adimu ni jicho la kuisoma.

Anayefaa. Kijana anayeingia katika mashindano, na mtu yeyote mwenye ndugu aliyefariki ghafla. Kwa mtu wa miaka 50 ni mwanzo tu, na karatasi safi isimpe utulivu usiostahili.

3. Picha ya mawimbi ya sauti, eko

Kinachoonekana. Kipimo cha eko huuonyesha moyo ukiwa unafanya kazi: unene wa kuta, upana wa vyumba, nguvu ya kusukuma, na vali zikifunguka na kufunga. Kwa vali hakuna kinachokishinda miongoni mwa njia hizi tano, na kwa sababu hiyo kina uzito wa pekee katika nchi zetu. Mwanasoka Nwankwo Kanu alijiunga na klabu ya Inter ya Milan mwaka 1996, akiwa ametoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki na Nigeria, na uchunguzi wa klabu ukagundua kasoro kubwa ya vali ya mshipa mkuu. Alifanyiwa upasuaji Marekani, akarudi uwanjani mwaka 1997, na wapenzi wa Arsenal wa huku kwetu wanakumbuka alichokifanya baada ya hapo. Alikuwa mchezaji wa kiwango cha juu kabisa duniani akiwa na vali mbovu; mfano huo unatosha kuonyesha jinsi mwili wenye mazoezi unavyoweza kuficha.

Kisichoonekana. Hitilafu za umeme zisizobadilisha umbo la moyo hazionekani. Mafuta ndani ya mishipa inayolisha moyo hayaonekani pia, mpaka yawe yameshaua sehemu ya msuli na sehemu hiyo ikaacha kusinyaa. Mpimaji hodari anaweza kuona chimbuko la mishipa hiyo, lakini lazima aombwe alitafute.

Kwa moyo wa mwanariadha. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ukizidi milimita 12 kwa mwanariadha mzungu, daktari huanza kuwa na mashaka. Kwa wanaume weusi wenye mazoezi makali, unene wa milimita 13 hadi 15 umeonekana mara nyingi zaidi bila ugonjwa wowote, kwa mujibu wa tafiti za Uingereza na Ufaransa. Ukanda huo wa milimita chache ndio uwanja wa mashaka, ambamo daktari hutazama kama chumba kimepanuka pamoja na ukuta, jinsi msuli unavyolegea, na hali ya familia. Wakati mwingine humwomba mkimbiaji apumzike kwa miezi kadhaa kisha apimwe tena, kwani ukuta uliojengwa na mazoezi hupungua mazoezi yakisitishwa, na wa ugonjwa haupungui.

Gharama na mahali. Ni ghali kuliko ECG, na kinategemea mno mkono wa mpimaji. Hospitali za rufaa na za kanda, pamoja na taasisi kama ile ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda mjini Kampala, hukifanya kila siku. Hakina mionzi, hivyo kinaweza kurudiwa bila wasiwasi.

Anayefaa. Kijana ambaye daktari amesikia sauti isiyo ya kawaida moyoni mwake, aliyeugua mara kwa mara koo na maungo utotoni, au mwenye ECG inayotia shaka. Pia mwanamke aliyeishiwa pumzi isivyo kawaida katika miezi ya mwisho ya ujauzito au baada ya kujifungua na sasa anataka kurudi mbioni, kwa kuwa kuna udhaifu wa msuli wa moyo unaoambatana na kipindi hicho.

4. Kipimo cha mazoezi

Kinachoonekana. Mtu hukimbia juu ya mashine au huendesha baiskeli iliyofungwa huku waya za ECG zikiwa mwilini. Katika utaratibu unaotumika zaidi, uliobuniwa na daktari Robert Bruce, kasi na mwinuko huongezwa kila baada ya dakika tatu. Kipimo hiki huonyesha mshipa uliobana kiasi cha kushindwa kupitisha damu ya kutosha moyo unapofanya kazi kwa nguvu, mapigo yanayovurugika mazoezini tu, na shinikizo la damu linalopanda kupita kiasi au, kwa hatari zaidi, linaloshuka.

Kisichoonekana. Mshtuko wa moyo mara nyingi huanzia kwenye rundo dogo la mafuta ambalo halijaziba njia; utando wake hupasuka, damu huganda juu yake, na mshipa uliokuwa wazi asubuhi unafungwa kabla ya adhuhuri. Rundo kama hilo halizuii damu siku ya kipimo, kwa hiyo kipimo hupita. Watafiti wa Uholanzi waliwachukua wanamichezo wanaume 318 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, wasio na dalili, ambao ECG zao na vipimo vyao vya mazoezi vilikuwa safi, wakawapiga picha za CT. Takriban mmoja kati ya watano, yaani 60, alikutwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Matokeo haya hayana maana kwamba wote 60 walikuwa karibu na kifo. Yanaonyesha mpaka wa kile ambacho kipimo cha mazoezi kinaweza kukuhakikishia.

Kwa moyo wa mwanariadha. Vituo vingi husimamisha mashine mapigo yakifika asilimia 85 ya kiwango kinachokadiriwa kwa umri, yaani 220 ukitoa miaka yako. Kwa mtu anayekimbia kilomita 50 kwa wiki, hapo ndipo kazi inaanza. Omba, kwa heshima lakini kwa msimamo, kipimo kiendelee hadi nguvu zikuishie, daktari akiwapo na mashine ya kushtua moyo ikiwa karibu. Kwa upande mwingine, watu wasio na dalili hupata pia majibu ya kutisha yasiyo ya kweli, hasa wanawake, na majibu hayo huwasukuma kwenye vipimo vingine vya gharama.

Gharama na mahali. Kiko katika miji mikubwa zaidi, kwa gharama ya kati.

Anayefaa. Mtu wa makamo anayeanza mazoezi makali baada ya miaka mingi ya kukaa, hasa akiwa na kisukari, presha au historia ya sigara. Na mkimbiaji wa umri wowote ambaye moyo wake huvurugika akiwa kwenye kasi tu.

5. Picha ya CT ya mishipa ya moyo

Kinachoonekana. Kuna namna mbili. Ya kwanza, isiyo na dawa ya rangi, huhesabu kalsiamu iliyogandamana kwenye kuta za mishipa na kutoa alama: sifuri ni habari njema, 100 ni onyo, na zaidi ya 400 ni mzigo mkubwa. Ya pili hutumia dawa ya rangi inayoingizwa kwenye mshipa wa mkono, nayo huonyesha pia mafuta laini, kiwango cha kubana, na mahali ambapo mishipa imechipuka.

Kisichoonekana. Kalsiamu pekee haionyeshi mafuta laini, kwa hiyo sifuri kwa mvutaji sigara wa miaka 40 si kinga. Magonjwa ya umeme hayaonekani kwa namna yoyote ya CT, na kwa kijana wa miaka 20 hesabu ya kalsiamu karibu kila mara itakuwa sifuri bila kumwambia kitu.

Kwa moyo wa mwanariadha. Tafiti kadhaa za Ulaya zimeona kwamba wanaume waliokimbia au kuendesha baiskeli kwa miongo mingi huwa na kalsiamu nyingi kuliko wenzao wasiofanya hivyo. Sehemu ya kalsiamu hiyo iko katika marundo magumu, ambayo kwa kawaida hayapasuki kirahisi kama yale laini, na kwa hiyo alama ya 150 kwa mkimbiaji mkongwe yaweza isibebe uzito uleule kwa mtu asiyefanya mazoezi. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaoichukua hoja hii kama ruhusa ya kuipuuza alama. Mwenye kalsiamu nyingi anahitaji presha yake, lehemu yake na sukari yake vishughulikiwe kwa bidii, na dawa za kushusha lehemu zijadiliwe na daktari. Kuna faida ndogo pia: picha ya rangi hutoka vizuri mapigo yakiwa ya polepole, na mkimbiaji mara nyingi hahitaji dawa ya kuyapunguza.

Gharama na mahali. Ni njia ghali kuliko zote hapa, na inapatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Hesabu ya kalsiamu ina mionzi kidogo. Ya rangi ina zaidi, na dawa yake hudai figo ziwe sawa. Usiipange siku chache baada ya mbio ndefu, mwili ukiwa bado umekauka.

Anayefaa. Mwanaume aliyepita miaka 45, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye jambo la ziada: baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo mapema, lehemu ya juu, sigara za zamani.

Mpaka wa vipimo vyote

Kati ya mwaka 1996 na 2016, Chama cha Soka cha Uingereza kiliwapima kwa ECG na eko wachezaji chipukizi 11,168. Waliokutwa na ugonjwa unaoweza kuua ghafla walikuwa 42. Katika miaka iliyofuata, wachezaji wanane kati ya waliopimwa walifariki kwa ugonjwa wa moyo, na sita kati ya hao vipimo vyao vilikuwa vimetoka safi. Magonjwa ya msuli huendelea kujitokeza mtu anapokua, kwa hiyo kipimo cha miaka 16 hakitoshi kwa mtu wa miaka 24.

Kwa sababu hii, uwezo wa kumwokoa aliyeanguka lazima uwekwe kwenye mizani sambamba na vipimo. Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012 na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Yu hai kwa sababu kifua chake kilikandamizwa tangu mwanzo bila kuachwa. Utafiti mpya wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025, uliohusu washiriki zaidi ya milioni 29, umeona kwamba mioyo inaendelea kusimama mbioni kwa kiwango kilekile cha zamani, lakini vifo vimepungua kwa takriban nusu, na watafiti wanahusisha mafanikio hayo na huduma ya dharura kuimarika. Klabu ya wakimbiaji 40 inayochanga fedha za fulana kila mwaka ingeweza, kwa uzito uleule, kuchangia mashine ya kushtua moyo na mafunzo ya siku moja ya kukandamiza kifua.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na dalili yoyote, yaani kubanwa kifua, kuzimia mbioni, au pumzi iliyopungua ghafla bila sababu, ulinganisho huu wote haukuhusu. Acha kukimbia na umwone daktari. Yeye ndiye atakayechagua kipimo. Ukiwa na homa au umetoka kuugua virusi, subiri upone kabisa kabla ya kurudi kwenye kasi.

Ukiwa chini ya miaka 35, unakimbia kwa afya tu, huna dalili na ukoo wako ni salama, maswali na uchunguzi wa mwili vinatosha, na ECG moja ni nyongeza ya busara fedha ikiruhusu. Ukiwa na umri huohuo lakini unaingia kambini kwa mashindano, anza na ECG iliyosomwa na mtu anayewajua wanariadha, fanya eko angalau mara moja, na urudie uchunguzi kila baada ya mwaka mmoja au miwili hadi umri wa utu uzima ukamilike.

Ukiwa na ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, nenda kwa daktari bingwa wa moyo ukiwa na majina na umri wa waliofariki. ECG na eko vitakuwa hatua ya kwanza, na pengine ndugu zako wengine waitwe nao.

Ukiwa na miaka 35 hadi 45 na unaanza mbio baada ya kukaa muda mrefu, fedha yako ya kwanza iende kwenye presha, sukari na lehemu. Majibu yakiwa mabaya, kipimo cha mazoezi kina maana. Yakiwa mazuri, anza taratibu, ukitembea kabla ya kukimbia.

Ukiwa umepita miaka 45 na umekimbia kwa miongo, huku ukiwa na jambo moja la hatari au zaidi, hesabu ya kalsiamu itakuambia mengi kuliko kipimo kingine cha mazoezi kilicho safi. Ukiishi mbali na CT na huwezi kusafiri, daktari wa wilaya anaweza kukadiria hatari yako kwa umri, presha, lehemu na sigara, kisha akaanza matibabu kwa msingi huo. Tiba haingojei picha.

Na ukikutwa na ugonjwa, usikubali uamuzi wa siku moja wa kuacha michezo maisha yako yote, wala usikimbilie daktari mwingine mpaka umpate wa kukuambia unachotaka kusikia. Omba majibu yako kwa maandishi na nakala za picha, upate maoni ya pili kutoka kwa bingwa wa moyo aliyewahi kuwatibu wanamichezo, na umuulize maswali mahususi: mapigo yangu yasizidi mangapi, umbali gani ni salama, nipimwe tena lini, na ndugu zangu gani wanapaswa kuja kupimwa.